Kifumbu Kinachorudisha: Historia ya Kuijua Kazi ya Figo

Vitabu vya shule na mabango ya zahanati hueleza kwa wepesi kwamba figo ni chujio la damu, na maelezo hayo, ingawa si ya uongo, yamebeba picha moja ya jikoni ambayo kwa karne nyingi iliwapoteza hata wataalamu wakubwa. Anayechuja tui kwa kifumbu huikamua nazi iliyokunwa, tui likapita na machicha yakabaki, na tui linapokwisha kutua bakulini kazi huwa imemalizika, kwa kuwa kinachotakiwa kimetengwa na kisichotakiwa kwa tendo moja. Figo haifanyi hivyo. Kiungo hiki, ambacho kamusi za zamani hukiita pia nso, huyatoa nje ya damu maji pamoja na karibu kila kitu kidogo kilichoyeyuka ndani yake, kizuri na kibaya bila kubagua, kisha huyarejesha damuni karibu yote kiliyoyatoa, na kinachosalia baada ya urejeshaji huo ndicho mkojo.

Hesabu ya kazi hiyo ni ya kustaajabisha. Figo mbili za mtu mzima, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia ngumi na uzito wa gramu 150 hivi, hupokea takriban sehemu moja kati ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Kutokana na damu hiyo huchujwa maji yapatayo lita 180 kwa siku, ilhali plazma, ambayo ni sehemu ya majimaji ya damu bila seli zake, haizidi sana lita tatu katika mwili mzima. Maana yake ni kwamba plazma ileile huchujwa mara 60 hivi kati ya alfajiri moja na nyingine. Mkojo unaotoka ni lita moja na nusu tu. Historia inayoelezwa hapa ni ya jinsi wanadamu walivyochukua zaidi ya miaka 2,000 kuikubali hesabu hiyo, na kilichowachelewesha si uhaba wa vyombo peke yake, bali pia akili ya kawaida, ambayo haikuweza kuamini kwamba mwili unaweza kuwa mfujaji kiasi hicho.

Miongoni mwa Wayunani wa kale, uhakika wenyewe kwamba mkojo hutoka kwenye figo haukuwa jambo la kukubaliwa na wote. Aristotle alifundisha kwamba figo hazikuwekwa kwa sababu ya ulazima, bali kwa ajili ya kuukamilisha mwili vizuri zaidi, na Asclepiades wa Bithynia, tabibu aliyejipatia sifa kubwa Roma katika karne ya mwisho kabla ya Kristo, alidai kwamba maji tunayokunywa hugeuka mvuke, hupenya kwenye kibofu na kutonea humo, bila figo kuhusika kwa lolote. Aliyeikata hoja hiyo kwa vitendo ni Galen wa Pergamon, aliyezaliwa mwaka 129. Galen alimfunga mnyama aliye hai mirija miwili inayoteremka kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, akaonyesha kwamba kibofu hubaki kitupu huku mirija ikivimba juu ya fundo, na kwamba fundo likifunguliwa mkojo huteremka mara moja. Kwa jaribio hilo, ambalo hata mwanafunzi wa leo angeweza kulibuni lakini ambalo halikuwahi kubuniwa na wakubwa waliomtangulia, chanzo cha mkojo kilithibitika. Namna unavyotengenezwa ilibaki gizani. Galen mwenyewe aliamini kwamba figo ina nguvu ya asili ya kuvuta, kama sumaku inavyovuta chuma, na kwamba nguvu hiyo huchagua majimaji yasiyofaa na kuyatoa katika damu. Jibu hilo liliridhisha watu kwa miaka 1,400, labda kwa sababu halikuwa jibu, bali jina jipya la swali lenyewe.

Katika muda wote huo wa kuridhika, walichokishughulikia matabibu hakikuwa figo, bali mkojo. Sanaa ya kusoma mkojo, yaani kuutazama rangi, uzito, povu, harufu na mashapo yake ili kuujua ugonjwa, ilikua ikawa fani kamili yenye vitabu, vyombo na istilahi zake. Msingi wake ulikuwa elimu ya ahlati nne, yaani majimaji manne ya mwili, ambayo ni damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na iliaminika kwamba afya ni kule kulingana kwa majimaji hayo katika joto, baridi, ukavu na unyevu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuiona elimu hiyo, kwa sababu imelala ndani ya lugha yake: balghamu ni neno lilelile la matabibu wa Kiarabu, safura, ambalo Waswahili wamelielekeza kwenye maradhi ya minyoo na upungufu wa damu, asili yake ni jina la nyongo ya manjano, na anayelalamikia baridi yabisi kwenye magoti anautaja, pengine bila kujua, ubaridi na ukavu wa ahlati.

Mji mmoja wa Afrika ulikuwa na nafasi ya pekee katika fani hiyo. Huko Kairouan, katika nchi ambayo sasa ni Tunisia, tabibu Myahudi Is-haq ibn Sulaiman al-Israili, aliyetumikia watawala wa huko mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima kuhusu mkojo, ambacho katika karne ya 11 kilifasiriwa kwa Kilatini na Constantine, aliyejulikana kama Mwafrika, katika nyumba ya watawa ya Monte Cassino nchini Italia. Kitabu hicho kiliendelea kusomwa na wanafunzi wa tiba wa Ulaya kwa karne nyingi. Ibn Sina naye, katika Al-Qanun aliyoikamilisha takriban mwaka 1025, aliweka masharti ya kuchukua mkojo wa kuchunguzwa: uwe wa asubuhi, kabla mgonjwa hajala wala kunywa, uwekwe katika chombo kinachopenya mwanga, na asiwe ametumia vitu vinavyogeuza rangi, mathalani zafarani katika chakula au hina mwilini. Masharti hayo yanastahili heshima, kwa maana mtu anayeuliza kama rangi anayoiona imetoka kwenye maradhi au kwenye hina tayari amekwisha kuanza kufikiri kwa namna ya maabara.

Heshima hiyo haiwezi kutolewa kwa yote yaliyofuata. Ulaya ya zama za kati iliunda chupa ya kioo yenye umbo la kibofu, iliyoitwa matula, na chati za mviringo zilizopakwa rangi zipatazo 20, kuanzia nyeupe ya maji hadi nyeusi, kila rangi ikiwa na maana yake. Urefu wa mkojo ndani ya chupa uligawanywa katika tabaka, tabaka la juu likasomwa kuwa habari za kichwa, linalofuata chini yake kifua, na hivyo hivyo hadi mashapo ya chini yaliyohusishwa na viungo vya uzazi na mkojo. Chupa ikawa alama ya utabibu, kama kipimo cha kusikilizia moyo kilivyo siku hizi, na hatimaye mgonjwa mwenyewe hakuhitajika tena: mjumbe alibeba chupa hadi kwa msomaji, naye msomaji akatangaza ugonjwa, mwisho wake, na hata kama mwanamke ni mjamzito, bila kumwona mtu aliyeutoa mkojo huo. Mwaka 1637 tabibu Mwingereza Thomas Brian alichapisha kitabu cha kuwakejeli wasomaji hao, akiwaita manabii wa mkojo, na akafichua jinsi walivyopata habari zao kwa kumdadisi mjumbe kwa werevu. Fani iliyoanza kwa uangalifu wa Ibn Sina ilikuwa imefikia kiwango cha ramli.

Hata hivyo ndani ya ramli hiyo mlikuwa na punje za kweli. Matabibu wa Bara Hindi walikuwa wamegundua zamani sana kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa ni mtamu na huvuta sisimizi. Thomas Willis wa Uingereza akauonja katika karne ya 17 akaandika kuhusu utamu wake. Na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliukausha mkojo wa namna hiyo kwa moto akapata mabaki yenye umbo na ladha ya sukari. Hapo swali jipya lilijitokeza, ingawa halikuulizwa kwa sauti: ikiwa sukari imo katika damu ya kila mtu, ni nini kinachoizuia isitoke katika mkojo wa watu wazima wa afya?

Jibu lilihitaji kuingia ndani ya figo yenyewe. Mwaka 1662, huko Pisa, kijana wa miaka 19 aitwaye Lorenzo Bellini alichapisha kijitabu kuhusu umbo na matumizi ya figo, akaonyesha kwamba nyama yake, ambayo wengi waliichukulia kuwa donge lisilo na mpangilio, ni mafungu ya mirija myembamba inayoelekea katikati ya kiungo, na kwamba ikiminywa hutoa maji yenye ladha ya chumvi kama mkojo. Miaka minne baadaye Marcello Malpighi wa Bologna aliingiza kimiminika cheusi katika ateri ya figo, akatazama kwa hadubini, akaona vijifundo vya mviringo vikining'inia kwenye vitawi vya mishipa kama matufaha mtini. Alishuku kwamba vijifundo hivyo vinaungana na mirija ya Bellini, akajaribu kila njia kuupata mwungano huo, hakufaulu. Hadubini ya wakati wake ilifika hapo, na kwa zaidi ya miaka 170 elimu ya figo ilibaki na vipande viwili vilivyokosa kiungo cha kuviunganisha.

Katika kipindi hicho cha kungoja, kusoma mkojo kulizaliwa upya kwa sura nyingine. Mwaka 1827 Richard Bright, tabibu wa hospitali ya Guy's jijini London, alieleza kuhusu wagonjwa waliovimba mwili ambao mkojo wao, ukipashwa moto, uliganda kama ute wa yai, na ambao walipofariki na kupasuliwa walikutwa na figo zilizoharibika. Kijiko na mshumaa vilitosha kwa kipimo hicho. Tofauti na nabii wa mkojo, Bright hakuufanya mkojo useme juu ya kichwa na kifua. Aliuuliza kuhusu kiungo kimoja tu, kilichoutoa, na akalihakiki jibu lake kwa maiti. Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mikojo yake ya kusomwa. Mkojo wenye damu wa kichocho, ambao Theodor Bilharz alimpata mnyoo wake jijini Cairo mwaka 1851, ulifahamika katika vijiji vya mabondeni kiasi kwamba kwa watoto ulionekana kuwa jambo la kawaida. Na mwaka 1898 Robert Koch, akifanya kazi Dar es Salaam chini ya utawala wa Wajerumani, alichunguza homa ya mkojo mweusi iliyowaua Wazungu wengi, akaihusisha na kwinini. Katika homa hiyo seli nyekundu hupasuka kwa wingi, rangi yake humwagika katika plazma, hupenya chujio la figo na kuidhuru mirija, na mgonjwa anayekoma kukojoa huwa amekaribia kifo.

Lakini kungoja kwenyewe kulikuwa kumekwisha kabla ya Bilharz na Koch: mwaka uliobadilisha kila kitu ni 1842. Katika mwaka huo William Bowman, mpasuaji wa London mwenye umri wa miaka 25, aliingiza rangi katika ateri za figo za wanyama wa aina nyingi, akiwemo chatu wa Amerika, na mara nyingine rangi ilipasua kijifundo cha Malpighi ikamwagika ndani ya mrija. Kwa njia hiyo aliona kile ambacho Malpighi alikikosa: kijifundo, ambacho kwa hakika ni kibunda cha kapilari, yaani mishipa myembamba kuliko yote, kimefunikwa na kifuko, na kifuko hicho ndicho mwanzo wa mrija. Kibunda, kifuko na mrija wake kwa pamoja huitwa nefroni, na kila figo ya binadamu ina nefroni zipatazo milioni moja. Kuhusu kazi yake, Bowman alikisia kwamba kibunda hutoa maji tu, na kwamba seli za kuta za mrija ndizo zinazotoa taka na kuzitia katika maji hayo yanayopita, kama mtu anavyotupa uchafu mferejini.

Mwaka uleule, katika mji wa Marburg nchini Ujerumani, Carl Ludwig, aliyezaliwa mwaka mmoja na Bowman, aliwasilisha tasnifu yenye jibu la kinyume. Ludwig hakuamini kwamba seli zina nguvu za kichawi za kuchagua; alitaka kila jambo la mwili lielezwe kwa nguvu zilezile zinazoendesha maji na mvuke. Kwa maoni yake shinikizo la damu lenyewe husukuma plazma ipenye kuta za kapilari za kibunda, na kinachobaki nyuma ni seli na protini, ambazo ni kubwa mno kupita. Kwa hiyo maji yanayoingia kwenye kifuko ni plazma isiyo na protini. Damu iliyosalia, ikiwa imekuwa nzito kwa kupoteza maji, huendelea katika kapilari nyingine zinazouzunguka mrija, na huko huvuta maji yarudi kwa osmosi, yaani ile tabia ya maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye mchanganyiko mzito zaidi. Kwa mara ya kwanza mkojo ulielezwa kuwa ni mabaki ya kitu kingi zaidi kilichorudishwa. Ludwig alikosea katika mambo kadhaa, hasa katika kudhani kwamba urejeshaji wote hufanywa na osmosi pasipo kazi ya seli, lakini wazo lake kuu ndilo lililosimama.

Halikusimama mara moja. Rudolf Heidenhain wa Breslau alilishambulia kwa majaribio mazuri na kwa hesabu. Katika majaribio yake ya mwaka 1874 alishusha shinikizo la damu la wanyama kwa kukata uti wa mgongo, mkojo ukakoma, kisha akawaingizia rangi ya buluu. Rangi ilionekana katika seli za mrija, wala haikuonekana katika kibunda. Kwa hesabu alionyesha kwamba, kama Ludwig yuko sahihi, basi yurea yote anayoitoa mtu kwa siku, yaani taka itokanayo na protini, haiwezi kupatikana ila makumi ya lita za maji yachujwe na kurudishwa kila siku, jambo ambalo aliliona kuwa kichekesho. Hapa ndipo hoja ya kifumbu inapoonekana wazi. Heidenhain alikuwa mwanasayansi wa kiwango cha juu, na majaribio yake ya rangi yalikuwa sahihi kabisa. Kilichomwangusha ni kuamini kwamba maumbile yana busara ya mwenye nyumba mwangalifu, asiyemwaga ndoo nzima ili aokote punje moja ya taka. Makumi ya lita aliyoyakataa kwa kuwa ni mengi mno yaligeuka kuwa machache kuliko ukweli.

Mwaka 1917 Arthur Cushny alikusanya ushahidi wote wa kambi hizo mbili katika kitabu kimoja, akasimama upande wa uchujaji na urejeshaji, akieleza kwamba vitu kama sukari hurudishwa vyote mpaka kiwango chake katika damu kizidi kizingiti fulani, ndipo ziada huachwa ipite. Swali la Dobson likawa limejibiwa kwa nadharia. Palikosekana mtu wa kwenda kuchukua tone lenyewe.

Tone hilo lilichukuliwa Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na Alfred Newton Richards pamoja na daktari kijana Joseph Wearn, na aliyewawezesha ni chura. Figo ya chura ni bapa na nyembamba, kiasi kwamba mwanga ukipita chini yake damu huonekana kwa hadubini ikizunguka katika vibunda vya mnyama aliye hai. Wearn alijifunza kuchoma kifuko kimoja kwa mrija wa kioo uliovutwa ukawa mwembamba kuliko unywele, bila kugusa kapilari zilizojikunja pembeni yake, na kwa subira ya saa nyingi alinyonya maji kidogo kuliko yawezayo kuonekana kwa macho kama tone. Ilibidi kemia mpya ibuniwe kwa ajili ya kupima kiasi hicho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1924 yalikuwa mafupi na yasiyopindika: maji ya kwenye kifuko hayakuwa na protini, lakini yalikuwa na chumvi na sukari, hata pale ambapo mkojo uliokwisha kufika kwenye kibofu cha chura yuleyule haukuwa na vitu hivyo. Sukari ilikuwa imetoka, na njiani ilikuwa imerudishwa. Baada ya miaka 82 Ludwig alishinda kesi yake.

Ushindi huo haukumfuta Heidenhain. E. K. Marshall wa Baltimore, kwa rangi nyekundu na baadaye kwa samaki wa baharini ambao figo zao hazina vibunda kabisa lakini hutoa mkojo, alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba seli za mrija huweza pia kuchota vitu fulani moja kwa moja katika damu na kuvitia mkojoni. Figo, basi, ina njia tatu: kuchuja, kurudisha na kuongeza.

Ilibaki kupima uchujaji huo kwa binadamu, ambaye figo yake haiwezi kuwekwa hai chini ya hadubini. Poul Brandt Rehberg wa Copenhagen alijitumia mwenyewe mwaka 1926, akanywa kreatinini na kulinganisha kiasi chake katika damu na katika mkojo wake. Katikati ya miaka ya 1930 kundi la Homer Smith wa Chuo Kikuu cha New York, na kwa upande mwingine kundi la Richards, walipata kitu bora zaidi, inulini, wanga unaopatikana katika mizizi ya maua ya dalia, ambao huchujwa kwa urahisi, haurudishwi, hauongezwi wala hautumiwi na mwili. Mantiki yake ni nyepesi: kama kila mililita ya plazma ina miligramu moja ya inulini, na kila dakika mkojo unatoa miligramu 125, basi mililita 125 za plazma zimechujwa katika dakika hiyo. Mililita 125 kwa dakika ni lita 180 kwa siku, na hiyo ndiyo hesabu iliyotajwa mwanzoni.

Kwa nini mwili ujitwishe kazi kubwa namna hiyo? Smith alikuwa na jibu, na sehemu ya jibu hilo aliichukua Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alisafiri hadi Ziwa Victoria kumtafuta samaki mwenye mapafu ambaye Wajaluo humwita kamongo, na jina hilo alilitumia mwaka 1932 kuwa jina la kitabu chake cha kubuni chenye mazungumzo ya mwanasayansi na kasisi. Kamongo huvuta hewa, na maji yakikauka huweza kujizika katika tope, akajifunika utando wa ute uliokauka na kukaa humo kwa miezi mingi bila kula wala kutoa mkojo hata tone. Figo yake hufunga kazi. Taka ya protini ambayo samaki wengi huitoa majini ikiwa amonia, yenye sumu kali, yeye huigeuza yurea isiyo na madhara makubwa, akaihifadhi ndani ya mwili mpaka mvua zirudi. Wavuvi wa ziwani waliomjua kwa vizazi kama kitoweo wasingeshangazwa na ukaidi wake wa kutokufa nje ya maji. Smith aliona kwake daraja la mabadiliko ya viumbe.

Kwa maelezo yake, mababu wa wanyama wenye uti wa mgongo waliishi katika maji baridi ya mito, ambako maji huingia mwilini bila kukoma kwa osmosi, na mnyama wa namna hiyo huhitaji pampu ya kutupa maji mengi bila kupoteza chumvi yake. Kibunda kinachochuja kwa wingi, kikifuatiwa na mrija unaoirudisha chumvi, ndicho pampu hiyo. Wazao wake waliohamia nchi kavu, ambako shida si wingi wa maji bali uhaba, waliirithi mashine iliyojengwa kwa mafuriko, wakalazimika kuyarudisha karibu maji yote inayoyamwaga. Wataalamu wa visukuku wa baadaye walizitilia shaka baadhi ya hatua za simulizi hiyo, hasa mahali walipoanzia samaki wa kwanza, lakini hadi leo ni vigumu kupata njia nyepesi zaidi ya kueleza ufujaji uliomkwaza Heidenhain: figo ya binadamu inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kama figo ya samaki iliyorekebishwa.

Rekebisho lenyewe lilikuwa limeonekana mapema bila kueleweka. Mwaka 1862 Jakob Henle alieleza kwamba baadhi ya mirija huteremka ndani sana katika figo, ikajikunja kama pini ya nywele na kupanda tena, na kwa miaka 80 hakuna aliyejua sababu. Aliyeitambua hakuwa tabibu. Werner Kuhn wa Basel, mwanakemia aliyezoea mitambo ambamo vimiminika viwili hupishana kwa mwelekeo wa kinyume ili kubadilishana joto, alipendekeza mwaka 1942, na kwa ukamilifu zaidi akiwa na wenzake mwaka 1951, kwamba kitanzi cha Henle hufanya hivyo kwa chumvi: mkono unaopanda husukuma chumvi nje lakini huyazuia maji, mkono unaoshuka huachia maji, na kupishana huko hulimbikiza chumvi katika sehemu ya ndani ya figo hadi takriban mara nne ya ile iliyo katika damu. Mkojo, katika safari yake ya mwisho, hupita katikati ya eneo hilo la chumvi, na homoni itokayo kwenye ubongo inapofungua kuta za mirija ya mwisho, maji huvutwa nje na mkojo ukabaki mchache na wa rangi kali, kama anavyoujua kila aliyefunga Ramadhani katika miezi ya joto. Wataalamu wengi wa figo walilipinga wazo hilo hadi Carl Gottschalk, kwa kuchoma mirija ya panya kama Wearn alivyomchoma chura, alipolithibitisha mwaka 1959. Vitanzi hivyo hawanavyo samaki wala vyura. Vimo kwa ndege na kwa wanyama wanyonyeshao tu.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, daktari mmoja Mholanzi alikuwa amekwisha kujaribu kuiigiza figo kwa mbao. Willem Kolff, katika mji mdogo wa Kampen chini ya ukaliaji wa Wajerumani, alizungusha neli za selofani, zile zinazotumika kutengenezea soseji, kwenye pipa la mbao lililozunguka ndani ya beseni la maji ya chumvi, na mwaka 1943 akaipitisha humo damu ya mgonjwa ili taka zipenye kwenye maji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Mwanamke wa miaka 67 aliyetibiwa Septemba 1945 akapona. Mashine zinazotumika leo katika hospitali za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zimetokana na wazo hilo, na zote zina upungufu uleule, kwamba ni kifumbu kweli: hutenganisha kwa ukubwa wa chembe, hazina mrija wa kuamua nini kirudi. Uamuzi ambao mirija milioni mbili huufanya kila sekunde huamuliwa na mwanadamu kabla ya kuanza, anapopanga kiasi cha chumvi, potasiamu na sukari katika maji yatakayozunguka upande wa pili wa utando. Mgonjwa anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hupata saa 12 za kazi hiyo kati ya saa 168 za wiki nzima, na kwa saa zinazobaki hupimiwa maji ya kunywa kwa kikombe, na hushauriwa kujiepusha na ndizi, machungwa na maji ya dafu, kwa sababu potasiamu iliyomo ndani yake haina pa kutokea.